Ukilazimika kumwacha mtoto mdogo kwa bibi yake

Maelezo haya namwandikia mama aliyekwisha kukata shauri la kuondoka. Hapa Tanga kila mwaka naona wanawake wakifunga mizigo: huyu anakwenda Maskati kwa mkataba wa miaka 2, yule Dar kutafuta kazi, mwingine Unguja hotelini, mwingine kapata chuo. Mtoto anabaki Makorora au Mikanjuni, au anapelekwa Pangani kwa bibi mzaa mama. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa mlezi katika kituo cha kulelea watoto mchana, na watoto walioachwa nimewapokea mlangoni wakiwa wameshikwa mkono na bibi, na mama mdogo, na dada wa kazi. Wengine leo wananiamkia wakiwa na watoto wao mgongoni. Mengi ninayoyasema nimeyaona kwa macho, na yale niliyofundishwa kwenye mafunzo ya malezi nitayataja.

Kwanza ulijue hili, maana yote yanayofuata yanasimama juu yake. Mtoto anaweza kustahimili mama yake kuwa mbali. Asichokistahimili ni mama kuondoka na nafasi yake isishikwe na mtu yeyote mmoja ambaye mtoto anamjua, anamtaka, na anamkimbilia akiumia. Kwa hiyo kazi yako kabla ya safari ni kumpatia mtu huyo, na kuwaacha wawili hao wazoeane ukiwa bado upo.

Umri wake una maana

Mtoto wa miezi 3 au 4 atabebwa na yeyote mwenye mkono laini na maziwa. Ila wakati huo ndio wa kunyonya, na mpaka atimize miezi 6 hahitaji kingine zaidi ya maziwa ya mama. Kama umeajiriwa hapahapa mjini, usikimbilie kumwachisha: sheria ya kazi inakupa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 ukijifungua mapacha, na ukirudi kazini unayo haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. Wanawake wengi wanaona haya kuuomba muda huo. Uombe.

Kuanzia miezi 6 au 7 mambo yanabadilika. Sasa anakujua wewe ni wewe. Mgeni akimchukua analia, ukiingia chooni anakufuata kwa kutambaa. Hapo mpaka karibu na miaka 3 ndipo kutengana kunapochoma zaidi, kwa sababu anajua kwamba haupo lakini hajui kwamba utarudi. Maneno "mwezi wa Ramadhani" au "Krismasi" kwake hayana umbo. Akifika miaka 3 na kitu ameshapata lugha, anaweza kuuliza, anaweza kujibiwa, na jibu likakaa kichwani. Basi kama safari inaweza kusogezwa mbele, isogeze. Mkataba utakaosainiwa mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu ungesainiwa akiwa na miaka 3 na nusu, mngekuwa mmempunguzia mzigo mkubwa. Najua wakala hangoji, na kodi ya nyumba haingoji. Ndiyo maana naendelea kuandika.

Kilio chake na kimya chake

Mwaka 1952 mtafiti mmoja wa London, James Robertson, alitoa sinema aliyompiga mtoto wa kike wa miaka 2 aliyelazwa hospitalini siku 8 kwa upasuaji mdogo wa kitovu. Zama hizo hospitali za Uingereza hazikuwataka wazazi wodini ila kwa saa chache za kutembelea. Yeye na daktari John Bowlby walieleza hatua tatu anazopitia mtoto aliyetenganishwa na mama. Kwanza analia, anapiga kelele, anatazama mlango. Kisha ananyong'onyea, anakata tamaa, anakula kidogo, anacheza kidogo. Mwisho anatulia na kuonekana amesahau, na mama akirudi anamtazama kama mtu apitaye njia.

Hiyo hatua ya tatu ndiyo inayotudanganya sisi. Alikuwapo mtoto wa jirani, wa kiume, mwaka mmoja na miezi kadhaa, mama yake kaenda Uarabuni. Wiki ya kwanza mtaa mzima ulimsikia. Baadaye akanyamaza. Akawa anakaa barazani na pindo la khanga ya mama yake mdomoni, ukimpa uji anakunywa, ukimnyanyua ananyanyuka, muuza samaki akipita na baiskeli akimnyooshea mkono, mtoto naye ananyoosha. Watu wakasema, mashallah, mtoto kazoea upesi, wala hasumbui. Siku moja aliteleza kwenye ngazi za baraza, akachubuka goti mpaka damu. Alilia kidogo, palepale alipoangukia, akiangalia chini. Hakumtazama mtu. Watu wazima tulikuwapo watatu pale na hakumnyooshea mikono hata mmoja wetu.

Mtoto wa umri ule akiumia na asitafute mtu, hajazoea. Ameacha kutegemea. Mtoto anayelia na kumng'ang'ania bibi yake yuko salama zaidi kuliko huyo. Ukisikia kwenye simu kwamba mwanao anamlilia bibi akienda sokoni Mgandini, shukuru Mungu: amepata mtu.

Yule wa barazani alipata nafuu, nami nilishuhudia. Mama yake mdogo aliyekuwa Muheza alihamia pale, akawa yeye ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayelala naye. Ilichukua miezi. Alianza kwa kumlilia usiku, kila usiku, na mama mdogo akaja kwangu akilalamika, "Shangazi, huyu mtoto kaharibika, alikuwa kimya." Nikamwambia, hapo ndipo anapopona, usimwache.

Kumchagua mtu, na kumkabidhi pole pole

Awe mmoja. Nyumba zetu zina watu wengi, na ni neema, mtoto akue na shangazi na wajomba na binamu. Lakini katika wengi hao awepo mmoja anayejulikana kwamba usiku mtoto akishtuka ndiye anayeamka. Usimchague kwa cheo cha ukoo. Bibi mzaa baba anaweza kuwa ndiye mwenye haki ya heshima, na magoti yake hayamruhusu kumkimbiza mtoto anayeanza kutembea. Mama mdogo wa miaka 25 mwenye subira akawa ndiye hasa. Bibi akaheshimiwa kwa kuulizwa na kushirikishwa. Na usimchague msichana wa kazi utakayembadilisha kila miezi mitatu. Kila anapoondoka mmoja, mtoto anaachwa upya.

Mtafiti Mary Ainsworth alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955, akizitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala. Watoto aliowaona walikuwa na watu zaidi ya mmoja waliowapenda, lakini walichokihitaji kwa kila mtu kilikuwa kilekile: aione ishara ya mtoto na aiitikie. Hilo unaweza kulipima mwenyewe. Mkae barazani na huyo unayemfikiria, mwachie mtoto, kaa kimya. Mtoto akianza kujikunyata anamwona? Akigeuza uso kwenye kijiko anasimama, au anaendelea kusukuma?

Ukishampata, anzeni angalau mwezi kabla. Utaratibu ninaoupenda ni huu. Kama bibi yuko Pangani, usimpeleke mtoto Ijumaa ukarudi Jumamosi. Nenda nawe ukakae. Wiki ya kwanza wewe unafanya kila kitu, bibi anacheza naye tu. Wiki ya pili bibi anamlisha, wewe ukiwa karibu. Ya tatu anamwogesha na kumlaza, wewe uko uani. Ya nne unatoka asubuhi ukirudi mchana, kisha unatoka asubuhi ukirudi jioni, na kila ukitoka unaaga, na kila ukisema utarudi unarudi. Mtoto anajifunza jambo moja kubwa katika siku hizo: mama huenda, na mama hurudi, na katikati bibi yupo.

Mweleze bibi mazoea yake hata kama unahisi anayajua. Analala kwa kupigwapigwa mgongoni au matakoni? Maji anayaitaje? Anaogopa nini, radi, jogoo, mlio wa bodaboda? Mtoto wa mwaka na nusu ana maneno kumi ambayo mama yake peke yake ndiye anayeyaelewa, na mtu mzima asipoyaelewa mtoto huishia kunyamaza. Kaa na binti mmoja wa nyumba hiyo anayejua kuandika, ayaandike.

Vitu vyake viende vyote: kikombe, mto, mkeka au godoro dogo analolalia. Khanga uliyokuwa ukimbebea iache bila kuifua. Akina Robertson, James na mkewe Joyce, miaka ya 1960 waliwachukua nyumbani kwao, kwa nyakati mbalimbali, watoto wanne wa chini ya miaka 3 ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Waliwazoesha kabla, wakawaletea vitanda vyao wenyewe na vitu vyao, wakawa wanawaonyesha picha ya mama na kumzungumza, na Joyce ndiye aliyekuwa nao kutwa. Watoto wale walihuzunika, lakini hawakuvunjika. Mtoto mwingine, wa miezi 17, aliachwa siku 9 kwenye nyumba ya kulelea watoto yenye wahudumu wa zamu. Huyo alivunjika, na mama yake alipokuja kumchukua alimkataa. Siku 9 tu, na chakula na usafi havikukosekana.

Usimtoroke

Hapa nitasema kwa nguvu, kwa kuwa karibu kila nyumba inafanya hivi kwa nia njema. Mtoto analazwa, mama anatoka kwa mlango wa uani saa kumi alfajiri, bodaboda inamngoja kwenye kona mpaka stendi ya Kange, basi linaondoka. Mtoto anaamka, anamtafuta kitandani, kisha jikoni, kisha chooni. Au anaambiwa, "Mama kaenda dukani, anakuja na biskuti." Anangoja biskuti. Kwa majuma anangoja biskuti.

Mtoto aliyetorokwa anajifunza kwamba usingizi ni hatari. Nimewapokea wengi wa namna hiyo kituoni: saa ya kulala mchana wanakaa macho wamekodoa, wenzao wote wamelala, na bibi akitaka kuondoka mlangoni wanashika nguo yake kwa mikono miwili.

Ondoka mchana au asubuhi akiwa macho na ameshiba. Awe mikononi mwa bibi, nyumbani, si stendi penye honi na wapiga debe. Mwambie kwa maneno machache: "Mama anakwenda kazini mbali. Utakaa na bibi. Bibi atakulisha, atalala nawe. Mama atapiga simu. Mama atarudi." Hata kama ana mwaka mmoja, mwambie, sauti yako anaielewa kabla ya maneno. Mbusu, mkabidhi, toka. Atalia, na alie, huo ni msiba wake na ana haki nao. Usirudi mara tatu kumbembeleza. Kazi ya kumbembeleza sasa ni ya bibi, na bibi asimwambie nyamaza, amwambie, "Unamtaka mama. Najua. Njoo."

Na ziwa. Desturi ya kumlikiza mtoto kwa kumpeleka kwa bibi akalisahau ziwa ni ya zamani na si yetu peke yetu. Ainsworth alikwenda Uganda akitaka kuichunguza hiyohiyo, akakuta wengi wameshaanza kuiacha. Kwa maoni yangu muda wake umepita na kwetu pia. Ziwa kwake ni chakula, ni usingizi na ni mama. Ukimkata ziwa na mama siku moja, na nyumba ngeni juu yake, umemwondolea kila alichokuwa anakishika. Mwachishe kwanza, taratibu, ukiwa naye, ziwa la mchana kabla ya la usiku, bila shubiri wala kumtisha. Kisha ngoja wiki kadhaa ndipo uanze habari ya safari.

Ukiwa mbali

Piga simu saa ileile, iwe fupi. Dakika tano za kuonana kwa video baada ya uji wa asubuhi zinatosha kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na awe amepakatwa. Wapo wanaosema usipige, unamchokoza, akikuona analia. Atalia kweli siku za mwanzo. Lakini kilio cha kukuona kinaonyesha kwamba bado umo moyoni mwake, na ukirudi kitakuwa msaada wako.

Picha yako ikae chini, usawa wa macho yake, si juu ya kabati. Jina lako litajwe kila siku katika mambo ya kawaida: "Mama yako naye alikuwa anapenda samaki wa kukaanga." Na wote wa nyumba hiyo, na majirani, waambiwe utani ufuatao haufai kabisa: "Mama yako kakutupa, wewe sasa wetu." Watu husema wakicheka. Mtoto wa miaka 2 na nusu hajui utani.

Mtunze anayemtunza. Pesa ya matumizi ifike mkononi mwa mlezi mwenyewe, kwa tarehe inayojulikana, isipitie kwa kaka. Muulize yeye habari zake kabla ya kumwuliza mtoto. Bibi aliyechoka na mwenye madeni hataweza kuamka usiku kwa upole, hata akiwa na mapenzi kiasi gani.

Kliniki isikatishwe. Mtoto mwenye huzuni hupungua uzito, na kadi itaonyesha mstari unaoshuka kabla watu wa nyumbani hawajaona. Akilazwa hospitali ya Bombo au kwingineko, mtu wake alale naye wodini, asiachwe akitazamwa na mgonjwa wa kitanda cha pili.

Yapo mambo ambayo bibi asiyangoje yapite: kukataa kula kwa siku nyingi, kupoteza maneno aliyokuwa nayo na yasirudi, kugonga kichwa ukutani kila siku, au kuwa kama yule wa barazani, anayekwenda kwa kila mtu na hamtaki mtu. Aanzie kwa muuguzi wa kliniki, na afisa ustawi wa jamii yupo kwa ajili hiyo. Akihisi mtoto anatendewa vibaya, namba 116 ni ya simu ya mtoto na haina malipo.

Na ikiwa kweli hakuna ndugu? Usikimbilie kituo cha kulelea watoto wasio na wazazi. Nchi ya Rumania, utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, ilikutwa na zaidi ya watoto laki moja kwenye vituo vya namna hiyo. Watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, kuanzia mwaka 2000, walifuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, wa umri wa miezi 6 hadi 31. Nusu wakapelekwa kwenye familia kwa kura. Waliopata familia walisonga mbele, akili na mapenzi, na waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka 2 ndio waliosonga zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa kwetu inaruhusu malezi ya kambo, yaani familia inayopewa mtoto kwa utaratibu wa ustawi wa jamii. Uliza huko kwanza. Shule ya bweni pia si jibu kwa mdogo: tangu 2023 serikali imezuia bweni kwa awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali, nami naunga mkono kwa moyo wote.

Ukirudi

Jiandae kukataliwa. Utashuka na sanduku la nguo na midoli, naye atajificha nyuma ya doti la bibi akikuchungulia. Anaweza kukuita shangazi. Usimnyakue, usilie mbele yake ukamwambia "mimi ndiye mama yako," na usimgombeze bibi kwamba kakuibia mtoto. Bibi kafanya ulichomwomba.

Kaa chini, sakafuni, karibu naye, ufanye jambo lako: menya machungwa, kunja nguo. Mwache yeye aje. Kuja kwake kutakuwa na hasira ndani, atakupiga, atakutema mate, kesho atakung'ang'ania mpaka ushindwe kuoga. Vyote viwili ni mtoto huyohuyo anayekuuliza kama utaondoka tena. Wengine hurudia kukojoa kitandani. Inapita, usiiadhibu.

Lililo gumu kwa mama ni hili: usimchukue siku ya tatu ukampeleka kwako Dar. Kwake yeye sasa bibi ndiye mama, na kumng'oa kwa ghafla ni kutenganishwa mara ya pili. Rudia utaratibu uleule kinyumenyume. Kaeni pamoja nyumbani kwa bibi kwa wiki kadhaa, ukianza kumlisha, kisha kumwogesha, kisha kulala naye. Mkihama, bibi aje akae nanyi juma la kwanza kama afya yake inaruhusu, na nauli umlipie wewe. Khanga ya bibi iende na mtoto, bila kufuliwa. Simu ya saa ileile iendelee, safari hii ya bibi. Na likizo ya kwanza ikifika, mpeleke akamwone, ukimwambia kabla hamjapanda basi mtalala huko siku ngapi na ni nani atakayerudi naye.